Sauti Tatu, Mstari Mmoja

Kwa kaka yangu,

Shikamoo. Nakuandikia nikiwa karakanani, mlango nimeuegesha, chuma cha kulehemu kimepoa, na mteja wa mwisho nimemwambia arudi kesho kwa sababu leo nina kazi ya familia. Wifi yangu hajambo? Watoto je, na yule wa mwisho ameacha kutafuna nyaya? Sisi huku tunashukuru. Paa la jikoni lilikuwa linavuja, nikapanda mwenyewe na kopo la lami, sasa halivuji. Mama ni mzima wa miguu, hata yale magoti yametulia, ni mzima wa tumbo na wa ulimi, hasa wa ulimi. Anakusalimu sana. Kuna kiungo kimoja tu ambacho sikukitaja, na hicho ndicho kilichonikalisha hapa, lakini nitakifikia kwa zamu yake. Nikianza nacho, hayo mengine hutayaelewa.

Barua yako niliipata. Mara ya kwanza niliisoma nimesimama, mara ya pili nikatafuta kiti. Umeandika kwamba nakupunguza sauti makusudi ili mama asikusikie. Kwamba tangu baba atutoke nimemgeuza mama kuwa mali yangu. Kwamba mwisho wa mwezi unakuja na gari la mizigo umchukue, yeye na kitanda chake na kabati lake, akakae kwako kule bwawani unakofanya kazi, mahali ambapo mwanawe hatafungwa mdomo. Ukamalizia kwa kunikataza nisikupigie simu ya kujitetea. Haya, sikupiga. Na redioni nisingeweza kukujibu, maana ukibonyeza kitufe kumwambia ndugu yako neno la nyumbani, daktari wa mifugo anasikia, mshonaji anasikia, na Mwenyekiti wa chama chetu cha redio anasikia mara mbili kwa sababu anarekodi. Ndiyo maana nimeshika kalamu, mimi ambaye baba alinipa jina la Bisibisi kwa kuwa mkono wangu haukutulia na kitu kingine.

Nivumilie nikupangie mambo tangu mwanzo kana kwamba huyajui. Leseni yako ya redio za ridhaa ni ya zamani kuliko yangu, sibishi. Ila haya uliyoyasikia, umeyasikia vipande vipande, na kipande kikubwa umekisikia kwa watu.

Mwanzoni mwa mwaka, tulipokubaliana kuiunganisha minara yetu mitatu ili baraza la Jumapili, yale mazungumzo yetu ya hewani, lifike kote, kila mnara ulikuja na kisanduku chake cha kuongozea. Hicho ndicho kinachopokea sauti ya mtu upande huu na kuipeleka kwa wenzake upande ule. Hapa kwetu, kwenye mnara wa mlimani, ni kile cha baba, alichokilehemu mwenyewe ndani ya boksi la mbao, na sauti yake unaipandisha kwa kuzungusha skrubu ndogo. Cha Mwenyekiti kule bondeni ni cha dukani, kina vitufe na namba kuanzia moja hadi tisa. Cha kwako umekiunda kwa kompyuta ndogo, nacho kinahesabu kwa asilimia. Sasa fikiria. Kila mmoja aliweka chake katikati, akasema mimi nimeweka katikati, nisiulizwe. Mimi nusu mzunguko, Mwenyekiti tano, wewe hamsini. Hapo ndipo kosa lilipozaliwa, kaka, na ni kosa ambalo wangelifanya watu wa redio tu, watu wanaoamini kilichoandikwa kwenye kifaa chao kuliko masikio ya jirani. Katikati ya kisanduku kimoja si katikati ya kingine. Tano ya Mwenyekiti ilitoka kwangu kama mtu anayeita ng'ombe ng'ambo ya mto. Hamsini yako ilitoka kama mtu anayeomba mkopo.

Kwa hiyo mwanzoni ulikuwa chini kweli. Hilo nalikubali mapema usije ukasema nimelificha. Wote walilalamika. Daktari wa mifugo alisema Jumapili yake imekuwa kazi ya mkono, Mwenyekiti akiongea anashusha, wewe ukiongea anapandisha, na akisahau kushusha mbwa wake anakimbilia uvunguni. Mama naye, kwenye kile kiti chake mbele ya spika, akaniambia hakusikii. Nikapanda mlimani, nikaizungusha skrubu ya njia yako ikapanda. Jumapili iliyofuata wenzetu wakashukuru. Mama akasema bado.

Nikapandisha tena. Mama akasema bado. Nikapandisha mpaka wewe ukawa ndiye unayeita ng'ombe, na mbwa wa daktari akarudi uvunguni. Mwenyekiti akanisema mbele ya watu. Alisema mtambo wa chama si redio ya sebuleni, kwamba siwezi kumfanya kaka yangu awe mfalme na wengine wawe raia, na kwamba ameshaniambia lakini sikio la kufa halisikii dawa. Wewe siku hiyo ulikuwa zamu bwawani, hukusikia jinsi nilivyosemwa kwa ajili yako. Nikaenda nikairudisha skrubu mahali pa haki, si juu, si chini.

Na ni Jumapili iliyofuata, baada ya mimi kuirudisha mahali pa haki, ndipo mama aliposhika kipaza sauti na kukuuliza mbele ya baraza zima kwa nini unanong'ona. Halafu akaongeza, nadhani unayakumbuka maneno yake neno kwa neno kama ninavyoyakumbuka mimi, "Au dada yako kakupunguza?"

Unajua ukimya wa redioni. Si ukimya wa kawaida, ni ukimya wa watu ambao kila mmoja ameshika kitufe na hakuna anayetaka kuwa wa kwanza. Nilikuwa nimesimama nyuma ya kiti chake na kikombe cha chai mkononi. Tangu siku hiyo daktari wa mifugo akinipigia hodi hapa karakanani ananiita Mkata-sauti. Anacheka, nami nacheka, lakini si mzaha unaoteremka vizuri kooni.

Nawe badala ya kuniuliza, ukaenda kwenye kompyuta yako ukapandisha. Kimyakimya. Jumapili iliyofuata sindano ya mita yangu iliruka kama imechomwa. Nikadhani kisanduku cha baba kimezeeka, nikashusha upande wangu. Wewe ukaona bado unaambiwa uko chini, ukapandisha. Mimi nikashusha. Tukawa kama wale watu wawili wanaokutana mlangoni, huyu akienda upande huu na yule anaenda upande huohuo, kila mmoja akidhani ana adabu. Baba alitufundisha nini? Sauti inarekebishwa na upande mmoja, na anayerekebisha anasema amerekebisha. Sheria ndogo tu. Lakini sisi tulikuwa hatusemezani, basi tukawa tunajibizana kwa skrubu na asilimia. Ikafika mahali kisanduku chako kimeshindwa kubeba, kikawa kinakata vichwa vya sauti, na maneno yako yakaja yanakwaruza kama bati linalokokotwa barabarani. Hapo Mwenyekiti akatangaza kwamba hali isipotengemaa, njia ya bwawani itakatwa, na baraza liendelee na minara miwili.

Siku mbili baadaye barua yako ikafika.

Sasa ngoja niseme langu, halafu nitaliacha. Karakana hii nilianza na meza moja iliyokosa mguu, nimeiegemeza kwenye ukuta wa watu, nikitengeneza redio zilizokataliwa na mafundi wengine. Hakuna aliyenipa mtaji. Leo nina chumba, nina umeme wa mita yangu, nina mita za kupimia ambazo chuo kingezitamani. Hayo yote nimeyafanya huku nampikia mama, namfulia mama, nampeleka mama kliniki ya magoti. Sidai chochote. Lakini wiki nzima nilikuwa namwita nikiwa jikoni haitiki. Namwambia jambo nikiwa nimeinamia kazi hajibu. Halafu Jumapili alasiri anavaa kitenge kizuri, anakaa mbele ya spika, anainamisha kichwa kana kwamba anasali, anamsubiri mwanawe. Mimi ninayeishi naye sikustahili kuitikiwa, wewe wa mbali ulistahili kuvaliwa kitenge. Nilimeza mate machungu, kaka. Wewe umeandika eti nimemfanya mali yangu. Ningependa uone jinsi mali inavyonipa mgongo.

Basi. Nilipomaliza kuisoma barua yako, nilijiambia sitajibu kwa maneno, nitajibu kwa kipimo. Nikampigia wifi. Usimgombeze, mimi ndiye niliyemwomba asikwambie, na wewe ulikuwa bwawani unafungulia maji. Nikampigia na Mwenyekiti. Nikawaambia tusahau tano na hamsini na nusu mzunguko, tusahau kabisa kwamba vifaa vyetu vina namba. Tutumie mlio mmoja, mita moja na mstari mmoja. Nilichukua ile mashine yangu ya kutoa mlio, nikaurekodi mlio wake, nikawatumia wote sauti ileile. Mimi nikapanda mlimani na mita, nikaweka alama kwenye kioo chake kwa rangi ya kucha ya mpangaji wetu. Mstari mwekundu, mwembamba kama unywele.

Mwenyekiti akatuma mlio. Sindano ikaupita mstari. Nikamwambia ashuke. Akasema yuko tano, na tano ni katikati. Nikamwambia, Mwenyekiti, mimi sioni tano huku, naona sindano. Akashuka nne akinung'unika, akashuka tatu, na hapo sindano ikalala juu ya mstari. Akauliza kama kwa miezi yote hii amekuwa akitupigia kelele. Nikamwambia kidogo tu. Ndipo zamu ya wifi. Uliiacha kwenye tisini na mbili, kaka. Tisini na mbili! Mlio ukaja umepasuka. Wifi akawa anateremsha huku ananisomea, themanini, sabini na tano, mpaka kwenye sitini na nane mlio ukawa safi na sindano ikaketi. Mwisho nikaipima njia ya baba, nayo nikaipeleka palepale. Sauti tatu, mstari mmoja. Nikaziba skrubu kwa tone la rangi ileile ya kucha ili mkono wangu mwenyewe usiniponze. Ndiyo maana uliporudi ukakuta sitini na nane na wifi akakwambia hajui. Anajua.

Jumapili hiyo sijapata kusikia baraza kama lile. Ulisalimia, Mwenyekiti akaitika, daktari akaingilia, na ilikuwa kama watu waliokaa chumba kimoja, magoti yakikaribia kugusana. Hakuna aliyepaza, hakuna aliyezama. Daktari alisema mbwa wake amelala katikati ya sebule. Mwenyekiti alinishukuru hewani kwa jina la kazi, akasema fundi wa mlimani. Nilijisikia vizuri, sikufichi. Nikamgeukia mama nikimwangalia usoni, nikamuuliza leo je.

Akatikisa kichwa. Akasema, "Leo ndiyo kabisa. Kaka yako yuko ndani ya mtungi."

Niliweka chini nilichokuwa nimekishika, nikaenda kuosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa.

Nikiwa huko nikamsikia mshonaji. Unamjua, rafiki ya mama tangu hujavaa viatu, yule ambaye wakikutana hata kuku wanaondoka uani kwa kelele. Alikuwa anatangaza kwamba mkwewe amejifungua mtoto wa kike, salama, na kwamba familia imekaa ikakubaliana mtoto apewe jina la mama yetu. La mama, kaka. Baraza zima likashangilia. Mwenyekiti akamwita mama aseme neno. Kimya. Akamwita tena. Nikakimbia sebuleni na mikono inadondoka maji, nikidhani amepatwa na jambo. Alikuwa ameketi vilevile, kitenge chake kizuri, kichwa kimeinama. Aliponiona akaniuliza, kwa utulivu kabisa, kama wewe umeshamaliza au unaendelea.

Nilishika kipaza sauti nikamwambia mshonaji mama amezidiwa na furaha, atampigia. Huo ulikuwa uongo wangu wa kwanza hewani. Kisha nikakaa sakafuni mbele ya kiti, nikamtazama. Mwanamke ambaye kwa habari ile angeruka kutoka kitini, magoti au hakuna magoti. Nikamuuliza mshonaji amesema nini. Akasema amesalimia tu, si unajua maneno yake. Nikamuuliza daktari wa mifugo amesema nini. Akasema mambo ya ng'ombe. Nikamuuliza Mwenyekiti. Akaanza kukasirika, akaniambia hao wengine yeye ana haja nao gani, wanasema wanayoyasema, yeye amekuja kumsikiliza mwanawe.

Hapo ndipo akili yangu ilipofunguka, na nilikuwa nimechelewa kwa mtu anayekula kwa kazi ya sauti. Hakuwa anakusikia vibaya wewe peke yako. Hakuwa anamsikia mtu yeyote. Ila hao wengine hakuwalalamikia, kwa sababu hakuwa anawangoja.

Kesho yake nikamleta hapa karakanani, nikamwambia nataka anisaidie kupima spika mpya. Alifurahi kuombwa. Nikampa kiti, nikamwambia kila akisikia mlio anyooshe kidole. Nikaanza. Mlio mnene, kidole. Mlio wa kati, kidole. Mlio mwembamba, kidole. Mwembamba zaidi, kidole, bila kukosa hata mara moja, na mimi nikaanza kuona aibu kwa kumshuku. Kisha nikajifanya nazungusha kitufe huku sijatoa mlio wowote. Kidole kikapanda. Alikuwa haangalii spika, kaka. Alikuwa anaangalia kiwiko changu.

Nikakigeuza kiti kikatazama dirisha. Akasema jua litamuumiza macho. Nikamwambia mama, hakuna jua. Akakaa. Mlio mnene aliusikia. Wa kati nusunusu. Ile miembamba, ambayo ndimo zinamokaa zile herufi za upepo, "s" na "f" na "t", zile zinazolitenga neno na neno jingine, nilipandisha mpaka mpangaji wa jirani akagonga ukuta. Mama alikuwa anatazama barabarani, mikono imetulia mapajani, haijui kwamba chumba kizima kinalia.

Nilizima mashine. Nikaja mbele yake, nikapiga magoti ili anione midomo, maana nilikwisha elewa ndivyo anavyoishi nami. Ninapomwangalia ananijibu, ninapompa mgongo sipo. Yeye ndiye aliyeanza. Alisema sauti imekuwa ikififia taratibu tangu kabla ya msiba wa baba, na baba alijua, ndiyo maana mwishoni alikuwa anaongea naye amemshika kidevu. Sisi tulidhani ni mapenzi ya uzeeni. Labda yalikuwa yote mawili.

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Akasema kwa sababu siku ile baada ya mazishi, tulipokuwa mezani na wageni wameondoka, wewe ulisema siku mama akianza kushindwa jambo, nyumba hii tuiuze aende kukaa kwako. Uliyasema kwa wema, alisema, na yeye aliyasikia vizuri, labda ndiyo yalikuwa maneno ya mwisho kuyasikia vizuri. Akaamua hatashindwa jambo. Hataki bwawani. Anakupenda, anampenda wifi, anawapenda wajukuu, lakini anataka kufa kwenye nyumba ambayo anaijua njia ya kwenda chooni gizani. Nikamuuliza basi kwa nini unisingizie mimi, mama, mbele ya watu wote, kwamba nampunguza kaka.

Akanitazama kama fundi anavyotazama kitu kilichokwisha kupimwa. Akasema, "Kwa sababu wewe ungebeba. Yeye angekuja."

Nimeigeuza sentensi hiyo pande zote. Usiku wa kwanza iliniuma. Wa pili iliniuma kidogo. Sasa sijui kama inauma au ni kitu kingine, lakini niliona ni haki yako nawe uigeuze, kwa sababu nusu yake ni yako. Na angalia ilivyotokea. Alinisingizia mimi ili usije, na kwa kusingizia huko ndiyo unakuja, tena na gari la mizigo.

Basi nilirudi kwenye kazi, maana ndiyo ninayoijua. Niliona wazi tulichokuwa tunakosea wote. Tulikuwa tunataka kuupandisha mtambo wa watu wote kwa ajili ya sikio moja. Mtambo uko sawa, usiguswe. Sikio hilo lipewe lake. Nikatengeneza kikuza-sauti kidogo ndani ya kopo la sabuni, kinaacha milio minene ilivyo na kuinyanyua miembamba tu, nikakifunga kwenye hedfoni kubwa za baba, nikaongeza na kipaza sauti kidogo cha kubana kifuani ili asikie pia ya nyumbani. Nikamvisha. Nikarudi jikoni nikimpa mgongo, nikaendelea na shughuli zangu. Mara nikasikia anacheka. Akauliza, "Kumbe siku zote hizi unanung'unika hivyo?"

Sikujua kwamba nanung'unika, kaka. Wewe ulijua?

Jumapili hii alimsikia kila mtu. Alimpigia mshonaji, wakalia wote wawili, na amekwisha anza kumshonea mtoto kofia. Baada ya baraza alivua hedfoni akasema Mwenyekiti ni mchoshi sana na kwamba mwaka huu wote hakujua alikuwa anaepushwa na nini. Na wewe alikusikia. Huenda uliona hakuuliza mbona unanong'ona. Alikuwa anasikiliza tu, na ulipoaga alibaki amezishika hedfoni kwa mikono miwili kama mtu anayezuia kofia kwenye upepo.

Sasa ombi langu. Kopo la sabuni si dawa, mimi ni fundi, si daktari. Anahitaji kwenda hospitali kuu kwa daktari wa masikio, apimwe, apewe kifaa cha kweli. Amekataa, kwa sababu anaamini daktari akiandika kwamba hasikii, wewe utaisoma karatasi kama hati ya kumhamisha. Mimi nimemwahidi hutafanya hivyo, lakini ahadi yangu kwa niaba yako ina uzito gani? Aliniapisha nisikwambie hewani. Nimetii, sijakwambia hewani. Barua hakuitaja, nami sikumkumbusha.

Ila mambo yamebadilika tangu nianze ukurasa huu. Ametoka nyumbani akaja hapa, hedfoni kichwani, kopo limening'inia kifuani, watu barabarani wakimtazama na yeye akiwasalimia mmoja mmoja kwa sababu sasa anawasikia wakimsalimia. Amesimama nyuma yangu. Akaniuliza naandika nini. Sikugeuka. Nikamjibu kwa sauti yangu ya kawaida, huku naendelea kuandika, kwamba namwandikia kaka, na kwamba nimemwandikia yote.

Alinisogelea begani, akaanza kusoma. Nilidhani kopo limekata moto. Kisha akasema, "Mwambie aje. Anipeleke huko hospitali mwenyewe, anishike mkono, daktari nimjibu yeye akiwepo. Lakini aje kwa basi. Nikiona gari la mizigo sifungui mlango."

Hayo ndiyo maneno yake, nimeyaandika anavyoyasema, na anayasoma begani kwangu kuhakikisha sijayapunguza.

Wasalimie wote hapo kwako. Mwambie wifi namshukuru kwa ile siku ya mlio, na umwachie kompyuta kwenye sitini na nane. Wabusu watoto. Mungu awalinde kwenye maji hayo mnayoyalinda. Jumapili ukibonyeza kitufe, ongea na mama kama ulivyokuwa ukiongea naye zamani, bila kupaza. Atakujibu.

Ni mimi mdogo wako,
Bisibisi